Jibini la Ċettina

Meli ya kurudi Malta imeshaiacha bandari ya Pozzallo, Sisilia, na Ċettina anapita katikati ya viti akikusanya vikombe. Abiria wamezongwa na mifuko: viatu, pasta, mapazia. Dirishani amekaa mwanamke kijana mwenye kibegi kimoja, mkono tumboni.

"Binti, umenunua nini?" anamuuliza.

"Sijanunua kitu."

"Nani anakupokea?"

"Mama mkwe. Mume wangu yuko kazini."

"Basi hapo umekosea."

Malta mtu haendi Sisilia akarudi mikono mitupu. Mtaa mzima utauliza alifuata nini. Na kutoa mimba kisiwani ni kosa la jinai, kifungo hadi miaka mitatu. Wenye nauli huvuka maji, kisha hurudi na hofu ile ile waliyoondoka nayo.

Ċettina, ambaye jina nimelibadili, ana miaka 57. Kumi na tisa ameuza kahawa melini, kwa mshahara unaoishia kwenye kodi ya nyumba. Kwenye friji, nyuma ya maziwa, huweka jibini analonunua Pozzallo kwa ajili ya wanaorudi mikono mitupu.

"Umefungua duka, Ċett?" baharia Żeppi anamchokoza.

"Duka langu haliuzii wenye midomo kama wako."

Anamkabidhi mwanamke yule, tumwite Ylenia, vipande viwili. Kisha anashusha sauti.

"Damu?"

"Kidogo."

"Ikizidi, hospitali. Usingoje."

"Wakiniitia polisi?"

"Sema mimba imetoka. Ukitaka kusema imetolewa, funga mdomo."

"Nikikosea neno?"

Ċettina anavua koti lake. Anamfunika nalo.

"Mwaka 2011 mmoja aliniuliza hivyo hivyo," ananiambia baadaye. "Nikamwambia apumzike tu nyumbani. Nilimzika. Natamani nistaafu huku friji lina maziwa peke yake."

Mama mkwe alilipokea jibini na kulalamika kuwa lina chumvi. Ylenia alivumilia damu siku tatu kwa woga. Siku ya nne alianguka bafuni. Mumewe, aliyejua kila kitu, akamkimbiza hospitali. Aliongezwa chupa mbili za damu. Daktari aliandika kwamba mimba imetoka, hakuuliza zaidi. Ylenia amerudi kwenye kazi yake ya saluni. Żeppi amehamia meli ya mizigo. Ċettina bado miaka minne astaafu. Sheria iko vile vile.