Nilimchora Mama Mkubwa Kuwa Mchawi

Admin, naomba unifiche jina, na kijiji chetu usikitaje. Mimi ni dada wa miaka 28, sijaolewa, naishi Pasiansi hapa Mwanza. Nachora vitabu vya katuni. Msinipongeze, someni kwanza mpaka mwisho.

Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na mama mkubwa, mjane, huko Magu. Namwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Hajui kusoma, lakini ndiye aliyenivumilia nilipokuwa nachora ukutani kwake kwa mkaa mpaka majirani wakasema ananidekeza. Nilipokuja mjini nikawa nachora mabango ya saluni na vibanda vya chipsi kule Nyegezi. Miaka minne natuma michoro kwa wachapishaji, kimya. Mwishowe mhariri mmoja wa Dar akanipigia, akasema, "Dada, mkono unao, ila watu wako wote wana sura moja. Nichoree mtu unayemjua."

Jamani, nikamchora Mayu. Hadithi ilikuwa ya mchawi anayekausha visima vya watu, na mimi huyo mchawi nikampa uso wa aliyenilea. Pengo lake, kovu la kidevuni, namna anavyofunga kilemba, na yale macho mekundu ya miaka yote ya kupuliza kuni mbichi. Mhariri alipoona akasema huyo bibi aende kwenye jalada. Nikapata mkataba. Nikampigia Mayu kumwambia nimepata kazi ya kuchora, akapiga vigelegele kwenye simu bila kujua anashangilia nini.

Ninyi wa Kanda ya Ziwa mnajua macho mekundu ya bibi mjane yanaweza kumletea nini: huitwa mchawi, na wapo waliouawa kwa hilo. Nami nimekulia hukuhuku, nilijua, na bado nikachora. Tamaa ilinipofusha, sina neno jingine.

Kitabu kikafika Magu. Watoto wa shule wakaanza kumwita Mayu kwa jina la yule mchawi, halafu wakubwa nao wakaacha kumsalimia. Jirani yake akafiwa na ng'ombe wawili, akatangaza kwamba anajua pa kuuliza. Wiki iliyopita wamerusha mawe kwenye bati lake mchana kweupe. Nilimwomba mhariri tubadilishe sura kwenye toleo lijalo. Akanijibu, "Uso huo ndio unaouza. Ukikushinda, nitatafuta mchoraji mwingine." Nikanywea. Nikamwomba Mayu aje kwangu, akagoma. "Nikiondoka watasema ni kweli," akaniambia.

Jumapili nikaenda. Nilipomwamkia akaitikia, akaingia ndani, akatoka na kile kitabu. Mtoto mmoja alikitupa uani kwake. Jina langu halipo, natumia jina la kazi, na yeye hanidhanii hata kidogo. Anasema labda kuna mchoraji alimwona mnadani. Akanipa, akasema, "Wewe mwenye kusoma nisomee. Nataka kujua huyu mwanamke alifanya nini mpaka wananichukia mimi."

Nikamsomea, ila sikusoma yaliyoandikwa. Nilishindwa. Nikaanza kutunga palepale, nikasema huyu ni mganga mwema, visima vilikauka yeye akavifufua, kijiji kikapona. Mayu alisikiliza huku kidole chake kikifuata picha moja moja. Nilipomaliza akacheka, mara ya kwanza siku hiyo. "Kumbe ni mtu mzuri. Basi hawa hawajui kusoma."

Sasa Jumamosi hii kuna mkutano wa kijiji. Amesema atakwenda nacho, amwombe mwenyekiti akisome kwa sauti mbele ya watu wote ili yaishe. Nimempigia kila siku kumkataza. Ananijibu, "Acha woga, mwanangu. Si umenisomea mwenyewe?"

Leo ni Alhamisi. Nikimwambia ukweli, atajua kwamba aliyemchora ni mimi, na sidhani kama nitamwita Mayu tena. Nikinyamaza, atasimama mbele ya watu wanaomwogopa, ameshika ushahidi wao mkononi, akitabasamu. Nitukaneni mkipenda, nastahili. Lakini mwenye akili kunizidi aniambie, naanzaje kumwambia kabla hajatoka nyumbani?