Kaa la Moto la Mama Boay

Nilipokuwa mtoto kijijini kwetu Daa, nilikabidhiwa moto wa jikoni siku moja tu, na siku hiyohiyo niliharibu. Nilikuwa na miaka tisa.

Nguruwe pori walikuwa wakishuka kutoka msituni na kumaliza mahindi yetu. Alfajiri baba alichukua mkuki, akamwita mbwa wetu Chui, akaondoka na wanaume wa jirani. Bibi, mama yake baba, ambaye kwa kawaida hakuniamini hata kuchunga kuku, alinikalisha karibu na mafiga. Kwake yeye, uwindaji haukuwa kazi ya wenye mikuki peke yao. Sisi tuliobaki nyumbani tulikuwa tunawinda pia, kwa kukaa vizuri.

"Baba yako akiwa porini, moto wake hautoki nje ya nyumba hii," alisema. "Ukitoka, na yeye nguvu zinamtoka. Umenisikia?"

"Nimesikia, bibi."

Akaenda kukata majani ya ndama. Mama alikuwa kliniki na mdogo wangu. Nikabaki mimi na moto, najiona mtu mkubwa kweli.

Jua lilipopanda akaja Mama Boay, jirani yetu. Alipitia nyuma ya zizi, akiangalia huku na huku. Mgongoni alimbeba Boay, mtoto wa wiki chache, anakohoa. Mvua ilikuwa imevuja jikoni kwake, moto ukazimika, kiberiti kikalowa.

"Nipe kaa moja tu, mwanangu, nimchemshie mtoto maji. Usimwambie mtu."

Nilisita. Boay akakohoa tena, nikashindwa kuvumilia. Nikaweka kaa juu ya kigae cha chungu, nikalifunika kwa majivu, akaondoka nalo haraka.

Haukupita muda mrefu, Chui akarudi peke yake. Alikuwa na damu kifuani. Nilimpapasa mwili mzima, sikuona jeraha. Nimemuua baba, nilijiambia.

Nilikimbia kwa Mama Boay, nikaingia bila hodi. Alikuwa amepakata mtoto, sufuria ndiyo kwanza inaanza kutoa mvuke.

"Nirudishie moto wetu!" nilimwambia huku nalia. "Chui amerudi na damu!"

Akaipua sufuria, akakusanya makaa yote, yote kabisa, akayaweka kwenye kile kigae. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Nilidhani ananionea huruma. Nikakimbia nayo nyumbani, nikayarudisha mafigani, nikapuliza mpaka kifua kikauma.

Alasiri wanaume walirudi. Baba alikuwa mbele, mzima, shati limelowa damu. Nyuma yake walimbeba mtu kwenye machela ya matawi. Alikuwa Baba Boay. Nguruwe alikuwa amempasua paja.

Hapo ndipo nilipoielewa ile mikono. Mumewe naye alikuwa porini. Moto wake ulikuwa umezimika mara ya kwanza kwa mvua, na mara ya pili nimeuondoa mimi.

Bibi alichungulia mafiga yetu, akaridhika. "Umelinda vizuri," alisema. Sifa ile iliniuma kuliko fimbo.

Baba Boay alipona, lakini anachechemea mpaka leo. Sasa nafanya kazi kwenye hoteli ya wageni mjini Karatu, na baadhi yao hunisimulia kwamba hata kwao, zamani, wake wa wawindaji walikuwa na miiko yao ya nyumbani. Nafarijika kidogo kusikia hatukuwa peke yetu. Isitoshe, baba alieleza kwamba Chui alikimbia palepale nguruwe alipompiga Baba Boay. Maana yake paja lilishapasuka kabla sijaenda kudai makaa yangu. Najua hivyo, na nimejiambia mara nyingi. Lakini nikikutana na yule mzee na fimbo yake, namwamkia nikiangalia chini.

Mama Boay hajawahi kumwambia mtu, wala mimi. Ila kila nikienda likizo na kupita kumsalimia, nakuta mafiga yake baridi. Kiberiti kipo pale dirishani, kikavu, tunakiona wote wawili.

"Nenda kwenu, mwanangu," huniambia. "Kaniletee kaa moja."

Na mimi huenda kumletea.