Spika Iliyomwita Maulidi

Haya niliyaona kwa macho yangu, mchana, jua linawaka, na chai nilikuwa nimeshakunywa. Wapo wanaosema bibi alisinzia. Kusinzia gani huko, na mikono yangu ilikuwa ndani ya ungo nachambua dagaa?

Nilikuwa nimetoka kwangu Rusimbi kwenda mtaa wa Buzebazeba, huku Ujiji, kumwangalia binti yangu Mwamini. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane, na mbili za mwanzo ziliharibika, kwa hiyo hatukumruhusu hata kuinua ndoo. Mumewe, Ibrahimu Kidua, Mnyiramba aliyehamishiwa huku kikazi, alinunua ile spika inayojibu ukiisemesha. Akafunga na waifai nyumbani. Mtandao ule ulitakiwa uwe na jina, naye akauita Maulidi.

Maulidi ni mwanangu, kaka yake Mwamini. Alizama ziwani na mtumbwi wa dagaa akiwa na miaka ishirini na mbili, na mwili haukuonekana hadi leo. Mama yangu alitufundisha kwamba mtu wa namna hiyo jina lake halipazwi ndani ya nyumba, unamwombea moyoni. Ibrahimu angejuaje? Alinijia ameinamisha macho, akasema, "Mama, nimemuenzi shemeji." Mkwe na mama mkwe wana aibu yao. Nikamjibu, "Ahsante, baba." Nilidhani jina litakaa kimya ndani ya kile kisanduku.

Halikukaa. Asubuhi spika ilinisomea Yasini vizuri kabisa. Ikifika saa saba mchana inakatika, taa yake inazunguka, inaanza kusema Kizungu.

"Inasemaje, Mwamini?"

"Inasema inamtafuta Maulidi, haimpati."

Ibrahimu alihangaika. Alizima ruta akaiwasha, akaitoa juu ya friji akaiweka rafuni, akasogeza spika, akaandika neno la siri upya. Wapi! Saa saba ikifika: Maulidi. Maulidi. Siku kumi na mbili mfululizo, na mimi nimekaa hapo na aibu yangu.

Siku ya kumi na tatu Ibrahimu yuko kazini, Mwamini kajilaza chumbani, nikasikia hodi.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuangalia mtandao."

Kijana wa ovaroli ya buluu, kofia imemfunika macho. Mwamini akapaza sauti huko ndani, "Mkaribishe, mama, Ibra atakuwa kamtuma!"

Hakuuliza ruta iko wapi. Alikwenda moja kwa moja, akanipa mgongo. "Ukuta mnene huu," akasema, "na friji iko karibu. Lakini tatizo lenu si hilo." Alipopita nilisikia harufu ya mafuta ya taa, yale ya karabai. Siku hizi nani anavua kwa karabai? Wote wana taa za sola.

Nikamuuliza anachouliza bibi yeyote wa Ujiji: "Mwanangu, wewe mtoto wa nani? Unafanya kazi na kina nani?"

"Tuko wengi, mama. Ramadhani Bilali, Hamisi wa Bi Nyota, na Yusufu Kijiko."

Mimi silisahau jina la mtu. Hao watatu walipanda mtumbwi mmoja na Maulidi, na hakurudi hata mmoja. Hilo la Kijiko walimtania utotoni kwa sababu ya ulafi. Aliyebaki kulijua ni mimi tu.

Je, mama humwogopa mwanawe? Niamini, nilimwogopa. Nilitaka kumtazama usoni, shingo ikakataa kuinuka.

"Nimechoka, mama," akasema taratibu. "Naitwa kila siku, nikifika mlangoni wananyamaza. Leo nalifuta. Ila kisanduku hakikai bila jina. Niweke la nani?"

Kabla sijajibu, Mwamini akacheka chumbani. "Fundi, weka la mwanangu! Tumeshamchagulia, ataitwa..."

"Mwamini! Funga mdomo!"

Sijawahi kumkaripia vile tangu nimzae. Kofia ikageuka polepole kuelekea chumbani.

"Mwache amalize, mama. La mtoto litafaa." Akapiga hatua moja.

Sijui nilisimamaje. Dagaa walimwagika sakafu nzima. Nikaukaba mlango wa chumba kwa mikono yote miwili, nikamtajia jina langu, langu na la baba yangu na la babu yangu. Hapa sitaliandika.

"Lako, mama?"

"Langu. Mwana wanje, mwanangu wewe, andika langu, uende."

Akachoma pini kwenye kitundu cha ruta. Taa zikazima, zikawaka. Nilipofumba na kufumbua, hayupo. Bi Asha, anayekaanga maandazi pale getini, aliapa hakuona mtu akiingia wala kutoka. Jioni Ibrahimu akasema hakumtuma fundi. Akafungua simu yake, akanisogezea nione. Mtandao ulikuwa na majina yangu matatu, hadi la babu, ambalo hajawahi kulisikia.

Mjukuu alizaliwa salama, dume nene, akapewa jina siku ya saba. Spika tuliichomoa, ipo ndani ya sanduku la nguo, haina umeme. Nami nimerudi Rusimbi. Lakini saa saba mchana, popote nilipo, sauti ile ya Kizungu inanitafuta kwa majina yote matatu. Zamani ilitoka mbali. Sasa iko nyuma ya sikio. Muda ukikaribia najaza maji mdomoni nakaa nayo hadi sauti ipite, maana mzee akiitwa huitika bila kufikiri.

Wewe unayesoma, mtandao wako upe namba, upe jina la mti, usiupe jina la mtu. Na mkweo akikosea, mwambie siku hiyohiyo. Aibu ya dakika moja sebuleni ingeniokoa.