Watu wa Ukutani kwa Mama

Tangu astaafu, Kiguu alikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Miaka thelathini na moja alisoma mita za maji mlango kwa mlango, na wenzake wakambandika jina hilo kwa kuwa hawakuwahi kumwona ameketi. Sasa alishinda kwa mama yake akihamisha viti, akifungua madirisha aliyoyafunga mwenyewe, hadi bi mkubwa akasema, "Mwanangu, utatutoboa sakafu."

Siku moja akaishusha picha ya ukutani aifute vumbi. Babu, bibi, na wasichana wawili wenye kola pana: mama yake na dada yake aliyekufa mdogo, ndivyo alivyoambiwa. Kadibodi ya nyuma ikabanduka mkononi mwake. Ndani palikuwa na mhuri wa studio, mwaka, na namba 214. Akapiga hesabu mara mbili. Mwaka ule mama yake alikuwa na miaka kumi na tisa, na wasichana wale walikuwa bado na mapengo ya meno ya utoto.

"Mama, hii ilipigwa lini?"

"Zamani."

"Zamani gani?"

"Zamani ya kupigwa picha. Irudishe."

Hakuirudisha. Chumba cha studio sasa kilikuwa cha fundi simu, mjukuu wa mpiga picha, aliyeyaweka madaftari ya babu yake kabatini. Kwenye 214 paliandikwa jina la seremala ambaye Kiguu hakumjua, na neno moja pembeni: haijachukuliwa.

Kuanzia hapo hakukalika. Kwenye ofisi ya vizazi na vifo karani alimwambia arudi Jumatatu. Akarudi Jumatatu, Jumanne na Jumatano, hadi karani akachoka akamfungulia vitabu. Seremala alikuwa na mabinti wawili. Alikufa mwezi uleule wa picha. Binti mkubwa aliolewa, na kitabu cha ndoa kilitaja jina la mume na mtaa ambao Kiguu alisoma mita zake miaka mingi. Nyumba yenyewe aliijua: mita iko nyuma, karibu na karo la kufulia.

"Mita imeharibika tena?" aliuliza bibi aliyefungua mlango.

"Shikamoo, mama. Leo nimeleta kitu."

Yule bibi aliitazama picha, akaketi palepale kizingitini.

"Baba alisema ataifuata Ijumaa," alisema. "Alhamisi akaanguka kazini. Hata mama hakupakumbuka tulipopigwa picha. Nimeisahau sura yake, mwanangu. Nimejaribu, nimeshindwa."

Kiguu akamwomba amwachie picha siku chache, akarudi kwa mama yake mbio mbio, maneno yakimgombania mdomoni, lakini alipofika akauliza moja tu: "Hawa ni nani?"

Bi mkubwa aliichukua picha, akaiweka mapajani. "Nilikuwa nafagia pale studio. Picha ilikaa miaka minne haina mwenyewe. Na mimi nililelewa kituo cha yatima, sikuwa na mwenyewe. Baba yako alipokuja kuniposa akauliza watu wangu. Nikamwonyesha."

"Binti yangu nimempa jina la yule bibi wa pichani."

"Jina zuri. Nililitafuta wiki nzima."

Kiguu alicheka bila kutaka, kisha akatoka nje, akazunguka nyumba mara tatu. Aliporudi alisema picha ina wenyewe. Siku mbili mama yake alishinda akiifuta picha. Siku ya tatu akavaa nguo zake za kutokea, akaifunga picha kwa kitambaa, na kuibeba mwenyewe hadi kwa binti wa seremala.

"Nisamehe," alisema. "Niliwachukua bila kuwauliza."

Yule bibi alipitisha kidole kwenye uso wa baba yake. "Miaka sitini umemtunza, hata doa hana. Wewe ulikuwa unamwitaje?"

Mama akamtajia. Wakaongea mpaka chai ikapoa, huku Kiguu akisimama, akikaa, akisimama tena.

Njiani kurudi bi mkubwa alimshika mkono. "Usinitafutie watu wangu. Mimi hawa nimewazoea."

"Sawa, mama."

Jumatatu, kabla ofisi ya vizazi haijafunguliwa, Kiguu alikuwa mlangoni.