Peasi Lililokwenda Tanga Bila Kufungwa

Karanga nilizonunua leo zimefungwa kwa gazeti, na harufu ya wino imenirudisha utotoni, Soni, mlangoni pa mkahawa, situlii, mguu huu chini ule juu.

Mama alinituma niombe gazeti kuukuu la kufungia mapeasi kabla lori la Tanga halijaondoka. Wazee wa pale mkahawani walikuwa bado nalo. Mwalimu alisoma kimya, kisha akaguna ili aulizwe kuna nini. Fundi cherehani alitazama picha za suti tu. Muuza tumbaku, ambaye hakukanyaga shule maisha yake yote, ndiye aliyelikodolea macho kuliko wote.

"Shikamoo, babu. Mama analingoja."

"Marahaba," akasema muuza tumbaku. "Mwanamke na gazeti wapi na wapi? Mwache angoje."

Lori likapiga honi. Nikalinyakua gazeti, nikakimbia.

Mama alichana kurasa haraka haraka, akifunga peasi baada ya peasi. Alipofika ukurasa wa mwisho akasita. Kidole kikafuata mstari, midomo ikacheza.

"Mama, kumbe unajua kusoma?"

Aliukunja ukurasa ule, akauchomeka ndani ya kanga, na peasi la mwisho likaenda Tanga bila kufungwa.