Gambuti Juu ya Godoro

Tangu ahamie Eldoret kutoka Nyeri, Virginia ameuza magodoro miaka kumi na tisa, na mteja anayelala kujaribu bila kuvua viatu hufokewa mpaka barabarani. Lakini wiki hii ya kampeni, waliotoka Nyeri kama yeye wakiambiwa warudi kwao, Kipyego, mteja wake wa siku nyingi kutoka Kapseret, alipanda na gambuti miguuni juu ya godoro jipya lenye springi chini na sponji juu. Akalala chali, akageukia ubavu.

"Linashika mgongo vizuri."

"Nikufungie, Baba Faith?" Virginia aliuliza.

"Wacha tu, Mama Ciru," akajibu kwa sauti ya mtu anayetoa pole. "Nitakuja kulichukua baada ya kura."

Akapima upana wa mlango kwa mikono, akatoka. Bei hakuuliza.