Ardhi Iliyoungua kwa Ndani

Mwanangu, kila mvua inapochelewa hivi, naikumbuka siku ile shamba la jirani liliposhika moto. Leo nimetoka nje kutafuta mawingu juu ya Mlima Elgon sijui mara ngapi, hata mboga imeungulia jikoni. Na jana nilikuona ukilitia jembe mpini mpya huku ukikitazama kinamasi chetu. Ndiyo maana situlii.

Baba na mama walipofariki, niliacha shule nikawalea wadogo zangu hapa Naitiri. Mahindi yalipokauka, kinamasi ndicho kilichotulisha nduma na kutupa maji. Kisha mdogo wangu Wekesa, baba yako, akakua, akaenda kufanya vibarua Kibomet, akarudi na maarifa ya mjini.

"Dada, tuchimbe mtaro tukaushe hii kitu," akaniambia. "Udongo mweusi hivi, si tupande kabeji bana? Ama tunafuga vyura?"

"Hao vyura ndio wamekulea," nikamjibu. "Waamkie kwanza."

Alicheka, lakini jembe alilichukua kweli.

Kule chini, jirani yetu Mzee Wanyonyi alikuwa ameshachimba mtaro wake na kinamasi chake kilikuwa kimekauka. Asubuhi hiyo alichoma matete, kama tunavyochoma mabua kabla ya kulima. Moto ukazimika juu, sote tukadhani umeisha.

Jioni ng'ombe wake akapita pale, akalia vibaya. Mguu ulikuwa umezama kwenye makaa. Udongo wenyewe ulikuwa ukiungua kwa ndani! Wanaume walimwaga maji huku, moshi ukatokea kule. Kukhu, nyanya yetu, akamgeukia Wekesa.

"Huo unaouita udongo ni majani na matete yaliyolala hapo tangu sijazaliwa. Maji ndiyo yanayoyalinda. Ukiyatoa, umebaki na kuni. Sasa chimba basi, si una nguvu?"

Wekesa aliliweka jembe chini. Yule ng'ombe alichinjwa. Moshi haukukoma mpaka mvua iliponyesha, na kisima cha Mzee Wanyonyi hakijawahi kujaa tena. Baadaye afisa wa kilimo alitueleza kwamba kinamasi, kama msitu, huifungia kaboni ardhini. Tukikikausha na kukichoma, kaboni hiyo hupanda hewani, joto likazidi, na mvua zikapoteza majira yake. Nilimsikiliza nikiyakumbuka maneno ya Kukhu.

Kwa hivyo nakwambia wazi: mtaro usiuanze. Lima kule juu, na mabua uyaache yaoze shambani. Nduma panda ukingoni, maji yakiwa palepale. Mikaratusi usiilete karibu na chemchemi, itainywa yote. Panda miti ya kienyeji. Najua una haraka. Hata mimi kungoja kunanichosha. Lakini mvua ikikataa kabisa, ni wapi pengine tutakapochota maji?

Mungu akujalie watoto na ng'ombe wa kuikanyaga ardhi hii, na isimchome hata mmoja wao mguu.